Kidole cha Kupimia Joto

Mwaka ule nilikuwa nikiamka nimechoka. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanitafutia sababu nyingine yenye heshima zaidi. Kilichokuwa hatarini ni mkono wa mzee mmoja, na mimi nilikuwa na maneno mawili matatu ambayo yangeunusuru. Sikuyasema. Sikunyamaza kwa ubaya wala kwa chuki, maana huyo mzee nampenda kama baba. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kazi iishe nikalale.

Kazi yenyewe ni kuunda amplifaya za mitambo ya redio. Nikiwaambia watu hivyo hudhani natengeneza zile spika za harusini, na wako walioniuliza kama naweza kufika Jumamosi na maikrofoni mbili. Siwezi. Ninachounda ni sanduku la chuma linalokaa chini ya mlingoti. Linapokea wimbi dhaifu lililobeba sauti ya studio, linalitia nguvu, kisha linalipeleka juu kwenye antena, nalo likavuka vilima hadi kwenye redio ya mtu anayekaanga mahamri Mariakani. Huyo mtu hajui kama mimi nipo, na hana haja ya kujua.

Adui wa kazi hii ni joto. Umeme ukiingia kwenye amplifaya una njia mbili tu: ama utoke juu ukiwa wimbi, ama ubaki ndani ukiwa moto. Amplifaya iliyoundwa vibaya hula umeme mwingi ikatoa wimbi dogo, na kinachobaki hukichoma kijidude cha ukubwa wa biskuti kiitwacho transista. Transista huagizwa nje na kukaa njiani majuma sita, na ikifika unaomba isiwe ya bandia. Nimeziunguza nyingi na kila moja naikumbuka. Kwa hiyo katika karakana yetu, chumba kimoja cha kupanga pale Bombolulu nyuma ya duka la sare za shule, swali la kila siku lilikuwa moja: bati lina moto kiasi gani? Bati ni lile pande nene la alumini lenye mapezi ambalo transista hufungwa juu yake ili joto lipate pa kukimbilia.

Na jibu la swali hilo lilikuwa kidole cha mzee.

Mzee ndiye mwenye karakana. Ujana wake wote aliumaliza bandarini akitengeneza redio za meli, na alipostaafu hakujua la kufanya na mikono yake, akafungua chumba kile. Mimi nilimwendea nikiwa na diploma mpya na kiburi cha kutosha watu watatu. Siku ya kwanza alinipa amplifaya iliyokufa akaniambia nimwonyeshe ilipokufa bila kutumia mita. Nilishindwa. Aliinusa, akaigeuza, akanionyesha, kisha akaniagizia chai. Nikakaa, na miaka ikapita kumi na zaidi.

Desturi ya pale ilikuwa hivi. Amplifaya ikishamalizika, huwashi feni zake. Unaiwasha yenyewe kwa nguvu zote, imefungwa kwenye mzigo wa bandia unaomeza wimbi badala ya antena, na unaiacha hivyo dakika tano. Mtu wa mjini atauliza mbona feni zisiwashwe wakati zimewekwa. Ni kwa sababu huko mlimani feni ndiyo hufa kwanza. Vumbi huingia, mjusi huingia, na anayetakiwa kuisafisha anakaa mbali na ana shamba lake la kulima. Basi baada ya dakika tano mzee huja, huvua saa, huweka kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya bati, pembeni kidogo ya transista, na huanza kuhesabu kwa lugha ya kwao, ya juu kule upande wa Kaloleni. Akifika kumi kidole kikiwa palepale, husema "Sawa," na amplifaya hupakiwa. Akishindwa njiani, huondoa kidole, hukipuliza, na hutaja namba aliyofikia. Namba hiyo huandikwa daftarini, na wewe unarudi mezani kwako kuanza upya. Mzee akihesabu hakuna anayeongea. Hata mteja akiwapo hunyamaza.

Vipimajoto tulikuwa navyo. Kulikuwa na ile bunduki ya kuelekeza kwenye paji la uso, iliyobaki tangu siku za korona, lakini ukiielekeza kwenye alumini inayong'aa inadanganya, inakwambia bati ni baridi na huku lapika. Kulikuwa pia na waya wa kupimia joto nilioununua mimi mwenyewe, unaochomekwa kwenye mita. Huo ulisema kweli. Mzee hakuupenda.

"Hiki chako chajua digrii," aliniambia siku niliyouleta. "Uchungu hakiujui."

Wateja nao walikuwa hivyohivyo. Wenye redio kutoka Likoni hadi Changamwe na juu huko walikuwa hawaulizi karatasi ya vipimo. Walikuwa wakiuliza, "Mzee ameweka kidole?"

Kazi iliyotumaliza ilitoka kwa redio moja ndogo ya makanisa ya huko juu, inayotangaza mahubiri, bei ya mahindi na habari za mazishi. Walikuwa na milingoti miwili kwenye vilima viwili. Mmoja ulirusha kwa masafa ya chini kabisa ya redio, mahali ambapo mshale huanzia, na wa pili karibu na mwisho wa juu. Amplifaya zao zote mbili zilikuwa zimezeeka. Walichotaka ni moja mpya itakayoweza kukaa kwenye mlingoti wowote, ikifika ichomekwe na kuwashwa, asitafutwe fundi wa kuifungua na kubana koili. Na kwa kuwa huko juu walitegemea umeme wa jua, isiwe mlafi.

Nilikubali haraka haraka, kwa sababu kwa mdomo jambo lile ni jepesi. Amplifaya ya zamani ni kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wa mtu mmoja; inapendeza kwa huyo, mwingine haimtoshi. Mzee alikuwa bingwa wa viatu vya namna hiyo. Alikuwa na bisibisi ya plastiki aliyoichonga mwenyewe, na kwa kuzungusha skrubu ndogo mara mbili aliweza kuifanya amplifaya itulie kwenye masafa yake, baridi kabisa. Lakini sasa mtu anataka kiatu kinachoingia mguu wowote na kisimbane yeyote. Ukiitaka iwe pana, inaanza kupoteza umeme. Ukiibana isipoteze, inakuwa finyu. Mambo haya mawili hayalali kitanda kimoja, na mhandisi ni yule anayekaa katikati akiyasuluhisha hadi naye augue.

"Hii ni yako," mzee aliniambia. "Mimi haya ya masafa mapana yamekuja nimeshazeeka. Nitaweka kidole tu."

Ilikuwa amplifaya ya kwanza niliyoichora mwenyewe tangu mstari wa kwanza. Nilifurahi siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu sikufurahi tena kwa muda mrefu.

Roho ya amplifaya pana ni transfoma ya kutolea, na hiyo huundwa kwa vipande vya waya mnene wa antena vilivyopitishwa ndani ya pete nyeusi zinazofanana na maandazi yaliyoungua. Vipande vikiwa vifupi, masafa ya juu yanapita kwa raha na ya chini yanakwama. Ukivirefusha, ya chini yanapita na ya juu yananuna. Nilivikata na kuvirefusha hata nikawa navikata usingizini. Umeme ulikatika nikipima, ukarudi nikiwa nimesahau nilipofika. Hewa ya chumvi ilikula viungio vya shaba nilivyoviacha juma moja tu. Mwezi wa tatu wa kazi hiyo nilijikuta nimeiweka amplifaya mezani, nimekaa mbele yake, naiuliza kwa sauti ya kawaida, "Wataka nini?" Haikujibu, na nilikasirika kama vile ingepaswa kujibu.

Mwezi wa saba nilikuwa nimefika mahali. Kwenye masafa ya juu, bati lilikuwa vuguvugu tu. Katikati, si vibaya. Chini kabisa, ambapo ule mlingoti wa kwanza ulirusha, waya wangu wa kupimia ulipanda ukapita digrii themanini feni zikiwa zimezimwa. Hiyo si namba ya kujadiliwa. Transista ingeishi, labda, miezi miwili mitatu, kisha ingekufa asubuhi moja watu wakisubiri kusikia maziko ni saa ngapi. Nilikuwa nimekaribia kuijua dawa yake pia. Nilihitaji pete za aina nyingine, transfoma mpya, na kurudia kila kipimo tangu mwanzo. Nilikaa nikaitazama ile kazi iliyobaki nikasikia mgongo ukiniuma kabla sijaianza.

Msimamizi wa redio, mama mmoja mpole sana, alikuwa akinipigia kila Jumatatu. Hakuwahi kunikaripia, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Hamjambo huko? Mzee hajambo? Nauliza tu. Ile ya zamani juzi imezima mara mbili."

Nikamwambia aje Alhamisi na gari. Sijui ni nani aliyenituma kusema hivyo. Maneno yalitoka tu.

Hapo ndipo lazima niseme la pili nililolijua.

Mzee ana sukari. Ameishi nayo miaka mingi, na anaificha vibaya; kazini chai yake haina sukari, lakini Jumapili baada ya ibada hunywa soda mbili akisema Mungu anaona nia. Mwaka huo nilianza kuona vitu. Alitoka mlangoni siku moja, ndala moja ikabaki kizingitini, naye akatembea hadi dukani mguu mmoja mtupu bila kujua, mpaka muuza sare akamwita. Nikamwona ameshika kikombe cha bati kilichojaa chai inayotoka moshi, kiganja kimeshika bati lenyewe na si kishikio, akiongea kwa utulivu huku mimi nikingoja akiweke chini. Halafu siku moja tukilehemu pamoja, tone la risasi iliyoyeyuka lilimdondokea kwenye kidole kilekile cha shahada. Lilikaa pale, likaganda, likang'aa. Yeye alikuwa akinieleza habari za mjukuu wake. Nililibandua mimi, kwa ukucha, nikijifanya napangusa vumbi. Chini yake ngozi ilikuwa nyeupe.

 Nikaendelea kulehemu. Kwetu mtu hamwambii mzee kwamba kiungo chake kimekufa. Utaanzaje? Utamwamkia, ataitikia marahaba, kisha umwambie kile ambacho wateja wote wanakuja kwa ajili yake hakipo? Nilijiambia ninamsitiri. Na kulikuwa na kweli ndani yake, kwa muda. Baada ya siku ile ya tone la risasi alipima amplifaya nne, na kila moja aliitaja sawasawa na waya wangu nilioupima kwa siri. Moja alisema saba, na kweli ilikuwa ya kurudishwa. Nikaamini kidole bado kina uhai kidogo ndani, kama mkaa uliofunikwa majivu. Ndivyo nilivyotaka kuamini.

Jumatano asubuhi, siku moja kabla ya gari kuja, niliifunga amplifaya kwenye mzigo wa bandia. Mzee aliingia, nikamwamkia, akauliza kama nimelala. Nikasema nimelala. Akavua saa. Tulianza na masafa ya juu. Akaweka kidole, akahesabu hadi kumi, sawa. Katikati, kumi, sawa. Nikazungusha kitufe hadi chini kabisa, tukangoja dakika tano. Nje mashine ya cherehani ya duka la sare ilikuwa ikienda na kusimama. Nilikuwa nasikia joto likinijia usoni kutoka kwenye bati, nami nilikuwa nimesimama hatua nzima mbali.

Nilijua kwamba bati lina moto, na nilijua kwamba kidole huenda hakihisi. Mambo hayo mawili yalikuwa kichwani mwangu kwa pamoja asubuhi ile, na sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nimesahau moja. Lakini nilivyoyaunganisha ndivyo ninavyojishangaa hadi leo. Niliwaza kwamba kidole hakitaweza kusema kweli, kwa hiyo amplifaya itapita, mama wa redio ataichukua, nami nitalala siku tatu, kisha nitaunda nyingine iliyo sawa na kwenda kuibadilisha kimyakimya kabla haijafa. Nilifikiria amplifaya. Nilifikiria hata feni, kwamba zikisafishwa vizuri zinaweza kuchukua mwaka. Kwamba kidole kisichohisi moto bado ni nyama, hilo halikunijia. Miezi saba nilikuwa nimetazama joto kama namba, nikasahau linafanya nini likimgusa mtu.

Basi nikajikaza. Nilikuwa nimeshajizoeza tangu nyumbani Magogoni, nikipiga mswaki mbele ya kioo, jinsi nitakavyosimama. Nikaweka mikono nyuma, nikalegeza uso, nikamtazama mzee kana kwamba nasubiri jambo ninalolijua mwisho wake.

Akaweka kidole. Akanitazama. Nikaona tabasamu dogo limempitia, akaanza kuhesabu, na siku hiyo alihesabu polepole kuliko nilivyowahi kumsikia. Alipofika fungahe, yaani saba, nilisikia harufu. Sikuielewa mara moja. Nilidhani ni koili. Macho yangu yalikwenda kwenye waya, kwenye pete, kwenye mita, kila mahali isipokuwa alipokuwa. Nane. Desturi ni kwamba hakuna anayeongea. Chenda, tisa. Nikafumbua mdomo, nikaufumba tena. Kumi.

"Sawa," mzee akasema, akainua mkono. Ngozi ilibaki kwenye bati.

Alikitazama kidole chake kwa muda, akakigeuza, kama alivyokuwa akiigeuza amplifaya iliyokufa. "Kumbe," akasema. Kisha akaniomba nizime mtambo, kwa sababu unakula umeme bure.

Tulikwenda hospitali kwa tuktuk, yeye amekaa pembeni, mkono umefungwa kwa kitambaa kisafi cha kufutia mita. Hakuumwa. Daktari alimwuliza mara tatu kama anaumwa, akajibu hapana, na kila alivyojibu hapana, uso wa daktari ulizidi kuharibika. Nilipotoka barazani simu ilikuwa ikilia. Alikuwa mama wa redio.

"Kesho tuje saa ngapi?"

"Haijawa tayari, mama."

"Ah. Nilidhani leo mzee angeweka kidole."

"Ameweka," nikasema, nikakata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima maishani mwangu.

Kidonda cha mtu wa sukari hakifungi kama cha mwingine. Juma la kwanza walisema kitapona. La pili walikata kidole kwenye kifundo cha katikati. La tatu wakakitoa chote, na wakawa wanakitazama kiganja kwa namna ambayo mke wake aliacha kuwauliza maswali. Alikuwa akinipigia jioni kuniambia tu rangi: leo pekundu, leo pana weusi kidogo, leo weusi haukuongezeka. Nilikuwa napokea nikiwa nimesimama. Nilipoteza uwezo wa kupokea simu yake nikiwa nimekaa.

Mchana nilikuwa karakana peke yangu. Niliibandua transfoma, nikaitupa. Nikatafuta zile pete nyingine, nikakata vipande virefu zaidi na kuvikunja mara mbili, nikabadilisha jinsi vilivyofungwa kwenye transista, nikarudia vipimo vyote kuanzia chini kwenda juu badala ya juu kwenda chini. Nilipaka bati doa jeusi la rangi ili hata ile bunduki ya korona iseme kweli. Kazi niliyokuwa nikiiogopa kwa uchovu ilichukua siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa tu, na wala sikuwa nimechoka zaidi mwisho wake kuliko mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimeshafika pale ambapo uchovu hauongezeki. Bati lilikuwa la moto wa kawaida, masafa yote. Niliweka kidole changu mwenyewe. Nilihesabu hadi kumi, kikaniuma, nikakiacha hadi ishirini.

Mama wa redio alikuja na gari. Aliikagua amplifaya, akatazama kiti cha mzee, akatazama mkono wangu. Hakuuliza kilichokuwa kikiulizwa siku zote. Nikampa karatasi ya vipimo na akaipokea kwa mikono miwili. Inafanya kazi hadi leo kwenye ule mlingoti wa masafa ya chini. Nikipita mahali nikaisikia, nazima redio.

Mwezi wa pili baada ya kuungua kule daktari alisema kiganja kitabaki. Siku hiyo nilikwenda nyumbani kwa mzee nikiwa nimeamua kusema. Anakaa Kisauni, nyumba ya vyumba viwili yenye uwa mdogo, na nilimkuta uwani amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono uliofungwa umelala juu ya mto kwenye mapaja yake. Mkono wa kushoto ulikuwa ukijaribu kuandika jina lake kwenye daftari la mjukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Angalia hii. Yafanana na ya mtoto wa nasari."

Mke wake akaleta chai na kurudi jikoni. Niliongea juu ya amplifaya kwa muda, kwa sababu ni njia ninayoijua. Nikamweleza habari za pete mpya na vipande vilivyokunjwa. Alisikiliza, akauliza swali zuri kuhusu masafa ya katikati, nikalijibu. Kisha sikuwa na kitu kingine cha kujifichia.

"Mzee, siku ile nilijua bati lina moto. Nilikuwa nimepima."

"Najua," akasema. "Wewe huwa wapima kabla yangu. Wadhani sijui?"

"Na kidole. Nilijua kidole chako hakisikii. Tangu lile tone la risasi."

Akaweka kalamu chini. Nilingoja anifukuze, na ningeshukuru. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

"Kilikufa mwaka juzi, mwanangu. Kabla ya hilo tone. Kwanza ganzi, kisha hakuna kitu. Nikauchukua kwa siri ule waya wako nikajaribu nao nyumbani, lakini macho yangu hayazisomi zile namba."

"Na zile amplifaya nne? Ile uliyosema saba?"

"Nilikuwa nikikutazama wewe." Alisema kwa upole, kama anayenifunza jambo la kazi. "Wewe kazi zako wazijua. Bati likiwa na moto, nikianza kuhesabu wauma mdomo wa chini, na mabega yapanda. Yakipanda sana naondoa kidole, napuliza, nasema namba. Hatukukosea hata mara moja, mimi na wewe."

Jikoni maji yalikuwa yakimiminwa kwenye sufuria. Nilitaka aishie hapo. Nilimwomba kimoyomoyo aishie hapo.

"Siku ile nikakutazama, uso umetulia," akasema. "Sijawahi kukuona umetulia hivyo na kazi yako. Nikasema moyoni, mwanangu huyu kafaulu, na kafaulu peke yake. Nilifurahi mno. Ndiyo maana nikahesabu polepole."

Mke wake akachungulia mlangoni kuuliza kama aniongezee chai. Nikasema ndiyo, ahsante, nikamnyooshea kikombe.